Ufunguo wa Mama Tusekile

Saa 3:20 asubuhi. Ibighi.

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa Doreen kilinuka maharage yaliyoungua. Huku mbele wateja walikunywa chai na kumsema marehemu. Huku nyuma watu wanne walipanga wizi.

"Sitarudia," alisema Ackson. Alikuwa ameendesha malori miaka kumi na minane, na mpaka leo akikaa kwenye kiti anakaa kama yuko nyuma ya usukani. "Mzee Ambindwile anazikwa leo Suma, saa nane. Mwenyekiti wa kwanza wa ushirika wa parachichi. Nani atabaki Nkunga?"

"Hata mbwa hawabaki," alisema Doreen. "Nasikia wamechinja ng'ombe watatu. Na yule mke mdogo, jamani, eti hataki kukaa mkeka mmoja na..."

"Doreen."

"Haya, nimenyamaza."

"Bohari la ushirika lina tela. Limeshapakiwa, kontena la baridi, parachichi za kata nzima, zile za kwenda nje. Linasubiri kichwa cha kulivuta. Kichwa chao kinafika saa kumi na moja jioni. Cha kwetu kinafika saa nane na nusu." Akamgeukia Hosea, dereva, kijana mwenye shingo nene na mdomo mwepesi. "Unafunga, unavuta, unashuka Kasumulu. Jua likizama uko mpakani. Mnunuzi yupo."

"Na getini?" Hosea aliuliza. "Yule Anyitike si mlinzi, ni nguzo. Hanywi, hali hongo. Namba ya gari isipotokea kwenye tableti yake, hata umletee barua ya mbinguni hafungui."

Wote watatu wakamtazama Lusungu.

Lusungu alikuwa mpwa wa Ackson. Mama yake alipofariki, Ackson ndiye aliyemchukua, akamtembeza nchi nzima kwenye lori, akamsomesha kompyuta. Mtu wa namna hiyo akikuita mezani, unakaa. Lusungu alikaa. Lakini chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Namba zinatoka kwenye seva," alisema. "Niliijenga mimi."

Seva yenyewe ilikuwa ya kukodi, ya bei chee kuliko zote, kompyuta ndogo iliyokaa nchi za watu huko. Kumbukumbu yake giga moja tu. Ila Lusungu aliifunga kama benki. Milango yote aliiziba akaacha mmoja. Nywila alizikataza, mtu anaingia kwa ufunguo tu, faili dogo lililokaa kwenye flashi. Akaweka na kengele: yeyote akiingia, meseji inakwenda kwenye simu ya Mama Tusekile, katibu wa ushirika. Mwisho kabisa akaufuta hata ufunguo wake mwenyewe. Fundi hapaswi kubaki nao, aliwaambia kamati. Walimpigia makofi.

Flashi akamvalisha Mama Tusekile shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Usimpe mtu, mama."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Wiki iliyopita alikwenda ofisini akasema kuna maboresho ya kufanya. Mama Tusekile aliivua flashi bila kuuliza, akampa, akatoka kumtafutia ndizi za kuchoma. Kunakili lile faili hakukufika hata dakika moja. Ndizi alizila zote. Angefanyaje?

"Jina litakaloonekana ni la nani?" aliuliza Doreen.

"La mama. Ila nitalifuta. Hilo nataka tuelewane. Nikimaliza, nalifuta."

"Utalifuta, mpwa wangu," alisema Ackson. "Kunywa chai."

Saa 6:05 mchana. Ibighi.

Aliingia. Mstari mmoja tu ulitokea kwenye skrini: karibu, tusekile.

Aliizima kengele kwanza, kabla haijatuma meseji. Aliizima kwa muda tu, kwa amri moja ya haraka, kama mtu anayemziba mtoto mdomo kwa kiganja. Kisha akaandika namba za kichwa cha Hosea, akabandika na picha ya dereva.

Kabla hajatoka akakumbuka deni la maneno. Juzi alimwahidi Prisca, binti wa marehemu. Prisca alikuwa Dar, amelazwa wodini na kichanga cha siku nne, madaktari wamemkatalia safari. "Kaka Lusungu, nioneshe baba akizikwa. Hata kwenye simu." Lusungu hakuwa na pa kuirusha picha hiyo ila kwenye seva ileile. Vijana wa kwaya walikuwa tayari na kamera yao kule Suma. Akawafungulia njia.

Aliona amefanya jambo moja jema siku ile. Alilishika hilo kama mtu anavyoshika mwavuli.

Saa 8:34 mchana. Nkunga.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Hosea alisimamisha kichwa mbele ya geti. Anyitike akatoka na koti lake la mvua, tableti mkononi.

"Umewahi, dereva."

"Nimeambiwa barabara itajaa watu wa msiba."

Anyitike akabonyeza. Akasubiri. Kwenye skrini duara likazunguka. Likazunguka tena.

"Subiri kidogo," alisema.

Saa 8:39 mchana. Ibighi.

"Hafungui!" Sauti ya Hosea ilitoka kwenye simu ya Ackson kama nyuki ndani ya kopo. "Tableti inazunguka tu! Mwambie huyo msomi wenu!"

Lusungu alikuwa ameshaona. Alijaribu kuingia, kila herufi aliyoiandika ikachelewa kutokea. Seva ilikuwa inakata roho. Akatazama sababu.

"Ni mazishi," alisema.

"Mazishi gani?"

"Nilimrushia Prisca peke yake. Prisca amewatumia ndugu. Ndugu wametumia ndugu. Mbeya, Dar, Songwe, kila mtu wa Rungwe aliye mbali anaangalia sasa hivi. Watu elfu na kitu kwenye giga moja."

Doreen akashika mdomo. "Nilitumiwa na mimi. Nikawatumia wa kwenye kikoba."

Ackson alichagua siku ya msiba ili kila mtu awe kaburini. Na kweli kila mtu alikuwa kaburini, hata wasiokuwepo.

"Yakate," alisema Ackson.

"Mjomba, ndiyo wanashusha jeneza."

"Lusungu. Hosea yuko getini, mlinzi anamtazama. Kata."

Seva haikusikia amri tena. Ilibaki njia moja, kuizima yote kutoka kwa wale waliomkodishia, kisha kuiwasha upya. Kwenye simu ya Doreen picha ilikuwa bado inacheza: kamba, mikono, sanduku likienda chini, kwaya ikiimba. Lusungu alibonyeza.

Simu ya Doreen ikawa nyeusi.

Doreen akaigeuza kifudifudi juu ya meza.

Saa 8:46 mchana.

Seva iliamka. Lusungu akaingia kwa ufunguo uleule, akaiwasha programu ya geti kwa mkono. Kule Nkunga tableti ikaonesha namba na sura ya Hosea. Anyitike akalinganisha, akaitikia kwa kichwa, akasukuma geti.

Baadaye kila mtu angeuliza ilikuwaje. Ilikuwa hivi tu: mlinzi mwaminifu aliamini kilichoandikwa.

Saa 9:08 alasiri. Ibighi.

"Niko kwenye lami," alisema Hosea. "Nashuka."

Doreen akapiga kigelegele cha chini chini. Ackson akamshika Lusungu bega. Na simu ya Lusungu ikaita.

*Mama Tusekile.*

"Mwanangu, ugonile? Samahani nakusumbua." Nyuma yake watu walilia. "Prisca amepiga, analia, picha imekatika. Lakini si hilo. Nimepata meseji. Inasema mimi nimeingia kwenye seva. Mimi niko kaburini, mwanangu. Mikono yangu ina udongo. Kuna mtu amejifanya mimi."

Kengele. Aliizima kwa muda, hakuiandika kwenye mipangilio ya kudumu. Seva ilipowashwa upya ilirudi vilevile alivyoijenga siku ya kwanza, siku ile alipokuwa bado mtu mwema.

"Nimempigia Anyitike, anasema tela limeondoka na kichwa nisichokijua. Nimeita polisi. Wanasema ufunguo ninao mimi. Nimewaambia wasinihukumu, Lusungu anakuja, yeye ndiye anajua. Utakuja?"

"Nakuja, mama."

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu."

Akakata. Akavuta kompyuta ili afute jina. Mkono wa Ackson ukaifunika.

"Liache."

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana kabla hajaita polisi. Jina likifutwa watatafuta aliyefuta. Likibaki wameshampata mtu. Nenda, soma kilichoandikwa. Husemi uongo, unasoma tu."

"Watamfunga!"

"Mama mtu mzima yule, watamhoji watamwachia," alisema Doreen, lakini alisema akitazama sakafu.

Ackson akamrekebishia Lusungu kola ya shati, kama alivyokuwa akimfanyia asubuhi za shule. "Mimi nimekulea. Yeye amekupa ndizi."

Saa 10:25 jioni. Nkunga.

Ofisi ilijaa. Wakulima walikuwa wametoka msibani na khanga za matanga bado viunoni. Anyitike alisimama kwenye kona, kofia mkononi, macho mekundu. Askari alikaa kwenye kiti cha katibu. Mama Tusekile alikuwa amesimama.

"Mpisheni fundi," alisema. Akamsogezea kiti yeye mwenyewe.

Lusungu akafungua orodha ya walioingia. Askari akainama juu ya bega lake.

"Saa sita na dakika tano, tusekile. Saa nane na dakika arobaini na sita, tusekile." Askari akanyanyuka. "Mama, hilo si jina lako?"

"Ni langu. Lakini sikuingia."

"Ufunguo uko kwa nani?"

Akaivuta ile flashi kutoka ndani ya blauzi. Kamba ya kiatu ilikuwa imechakaa.

"Umewahi kumpa mtu yeyote? Hata dakika moja?"

Mama Tusekile akamtazama Lusungu. Akamtazama muda mrefu, na Lusungu aliona kitu kikifika kwenye uso ule taratibu, kama mtu anayefungua mlango na kukuta nyumba tupu. Alikuwa ameelewa. Alikuwa amekumbuka ndizi.

"Sijawahi," alisema. "Sijampa mtu."

Askari akachomoa pingu.

Angeweza kukaa kimya. Tela lilikuwa limebakiza mwendo mfupi tu. Mjomba alikuwa Ibighi akisubiri. Yule mama alikuwa ameshamfungulia mlango kwa mikono yake mwenyewe, na yeye alichotakiwa ni kutoka nje.

"Alinipa mimi," alisema Lusungu.

"Lusungu, nyamaza," alisema Mama Tusekile.

"Alinipa mimi, nikanakili. Mimi ndiye niliyeingia, mara zote mbili. Tela linakwenda Kasumulu, anaendesha Hosea, mmemwona kwenye tableti." Akaifunga kompyuta. "Aliyepanga yuko Ibighi, nyuma ya mgahawa wa Doreen. Anaitwa Ackson. Ni mjomba wangu."

Askari akapiga redio. Watu wakalipuka, mwingine akamrukia, Anyitike akamzuia kwa mwili wake. Pingu zilikuwa za baridi kuliko alivyodhani. Mfukoni simu yake ikaanza kuita, na hakuhitaji kuitazama. Ikaita mpaka ikachoka.

Mama Tusekile alikuwa hajasogea. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha zake.

"Lile la Prisca," aliuliza, sauti ndogo. "Baba yake aliposhushwa, ikakatika. Ni mtandao, siyo?"

Tela Lusungu alilisema. Mjomba wake alimsema. Hili alifungua mdomo, likakataa kutoka.

Mama akanyoosha simu yake mbele ya uso wa Lusungu. Jina la Prisca lilikuwa juu ya skrini, dakika zikihesabika.

"Yuko hewani," alisema Mama Tusekile. "Nilimwambia asikate, fundi akifika atamrudishia picha."