Picha ya Mtoto Aliyelala

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha, akafuta vumbi mezani, kisha akaweka simu karibu na mkasi. Mguu ulikanyaga cherehani, mkono uliongoza kitambaa, na jicho moja lilibaki kwenye simu. Wateja walimtania kwamba siku moja ataishona simu yenyewe kwenye gauni la mtu. Alikuwa na watoto pacha, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Katika kundi la simu la wazazi neno lake lilikuwa na uzito, maana hakuwa mtu wa porojo.

Jumanne moja iliingia picha kutoka kundi jingine. Mtoto mdogo amelala sakafuni, mdomo wazi. Pembeni pana chupa ya dawa na kijiko. Chini yake pameandikwa: "Mlezi wa watoto nyuma ya soko anawanywesha watoto dawa ya usingizi ili apumzike. Sambaza."

Nyuma ya soko palikuwa na mlezi mmoja tu. Wazazi walimwachia watoto wakienda kazini. Pacha nao walilelewa pale miaka miwili, wala hawakurudi hata na mkwaruzo.

Mama Pacha aliacha kushona. Akampelekea mumewe simu. Mume, fundi wa kupaka rangi nyumba, alikuwa anafunga viatu.

"Hebu tazama hii, Baba Pacha."

Mume akasonya. "Tuma haraka. Kama si kweli, nani ataumia?"

Mama Pacha akaituma kwenye kundi la wazazi. Juu yake akaandika: "Huyu namjua, ni jirani yangu. Wazazi tuwe macho." Kisha akaendelea kushona sketi.

Kufika mchana, kina mama walikuwa wanawabeba watoto wao bila hata kusalimia. Ijumaa hakubaki mtoto hata mmoja kati ya kumi na saba. Mtu alirusha jiwe, kioo cha dirisha la mlezi kikavunjika. Mlezi alikuja mpaka dirishani kwa fundi, akasimama.

"Hata wewe, Mama Pacha?" akauliza. Akaondoka bila kusubiri jibu.

Chumba cha mbele cha nyumba yao alipanga mwandishi wa habari wa redio. Jioni ile Mama Pacha alimwendea.

"Kaka, habari hii mbona redio yenu haikuitangaza?"

"Watu tisa waliniletea picha hiyo," mwandishi alisema. "Nikawauliza, nani alipiga? Wapi? Lini? Hakuna aliyejua. Nikaenda kwa mlezi mwenyewe kumsikiliza. Hatumtaji mtu kwa jambo ambalo hatujalithibitisha, wala kabla hajajieleza. Hebu itazame tena. Mwache mtoto, tazama nyuma yake."

Mama Pacha akaikuza picha. Sakafu ilikuwa ya vigae. Kwa mlezi ni saruji tupu. Dirishani palining'inia pazia la buluu lenye marinda. Mapazia ya mlezi yalikuwa ya njano, hayana marinda. Aliyejua hilo kuliko wote ni yeye, kwa sababu aliyapima na kuyashona kwa mikono yake.

"Hapa si kwake," akasema.

"Wengi waliamini kwa sababu yako," mwandishi akasema. "Waliniambia, Mama Pacha anamjua."

"Lakini niliandika kweli. Namjua."

"Ndiyo. Na kweli yako ndiyo iliyoubeba uongo."

"Sasa nifanye nini?"

"Sema umekosea, palepale uliposemea mwanzo. Usizungushe maneno. Halafu nenda nyumba kwa nyumba. Watu hupenda kusambaza balaa, masahihisho huyaacha. Hata sisi redioni hilo linatushinda."

Usiku haukuwa umeingia alipoandika: "Nilikosea. Picha si ya kwa mlezi wetu. Niliituma bila kuuliza. Naomba radhi." Watu kumi na mmoja waliitikia kwa alama ya dole gumba. Hakuna aliyeisambaza. Ile picha yenyewe ilimrudia mara tatu kutoka makundi mengine, na maneno yake, "Huyu namjua," yakiwa juu.

Alitembea wiki mbili, akibisha hodi. Mama mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huenda ni kweli. Lakini mwanangu ni mmoja." Akafunga mlango.

Miezi miwili baadaye ikaja picha nyingine kwenye kundi, ikimtuhumu muuza dawa wa mtaani kwamba anauza dawa bandia. Safari hii Baba Pacha alikuwa wa kwanza kuuliza: "Nani alipiga? Wapi? Lini? Mwenyewe ameulizwa?" Wengine nao wakauliza. Mtumaji hakuwa na jibu, akaifuta. Muuza dawa alifungua duka kama kawaida.

Mama Pacha alikwenda kumweleza mlezi. Alimkuta mlangoni, mikeka ya watoto imekunjwa ukutani.

"Watu wamejifunza," alimwambia. "Na wazazi wawili wanataka kuwarudisha watoto kwako. Fungua tena, mwenzangu."

Mlezi aliitazama mikeka. Hakuwa na hasira.

"Nafurahi kwa ajili ya muuza dawa," akasema. "Lakini juzi mtoto alianguka hapo nje. Goti lilichubuka, akawa ananililia mimi, kanyoosha mikono. Sikumwinua. Niliogopa kuna mtu atanipiga picha."

Mama Pacha alikunjua mkeka mmoja. Akakaa chini karibu naye.