Paka na Gauni la Bibi Harusi

Kila Jumamosi asubuhi, Kifungo alifagia chumba cha mbele, ambamo mama yake alishona nguo. Jina hilo la utani alipewa na wateja kwa udogo wake. Siku hiyo alimkuta mama amesimama kando ya cherehani, ameshika gauni jeupe la bibi harusi kwa ncha za vidole. Gauni lilinuka kinyesi cha paka.

"Leo hii paka huyu anahama," mama alisema kwa sauti ya chini, iliyotisha kuliko kelele.

Kaka yake Kifungo akachochea moto, akidai kwamba paka huyo ni mwana wa mfalme, hataki choo cha kawaida. Mama akamwamuru afunge mdomo.

Kifungo aliacha kufagia. Wiki iliyopita mama alimwagiza akachote mchanga mkavu kwa jirani aliyekuwa akijenga, autie ndani ya beseni, liwe choo cha paka. Yeye akaona uvivu. Alizoa vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akavijaza katika boksi, kisha akasema kwamba mchanga ameuweka. Paka akazoea. Boksi lilipochafuka, akatafuta kitambaa kingine.

Mama alileta kikapu chenye kifuniko, akamtia paka ndani. Paka akalia. Kifungo hakuweza kuvumilia.

"Mama, paka hana kosa. Nilimwekea vitambaa badala ya mchanga."

"Vitambaa vyangu?"

"Ndiyo, mama. Mabaki ya chini ya cherehani."

"Kumbe mwanangu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kujisaidia juu ya kazi yangu, kisha akanitazama nikimfukuza! Mfungulie. Halafu kachote mchanga."

Mama, angali amefura, alisimamia kila hatua. Alitaka beseni pana lenye kingo fupi, likae penye utulivu, mbali na chakula cha paka na kelele za cherehani. Kinyesi kizolewe kila siku, na mikono ioshwe kwa sabuni. Pande la gauni lililochafuka lilikatwa, likashonwa jipya, na Kifungo akashinda akipiga pasi badala ya kucheza.

Alasiri paka aliunusa mchanga, akafukua, akajisaidia, akafukia.

Mama hakutabasamu. "Atabaki," alisema. "Lakini hasira yangu haijaisha. Uvivu wako umeniharibia kitambaa, nacho nimekibadilisha. Uongo wako ulikuwa unamtoa mwenzako nyumbani kwa kosa lisilo lake. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, kabla mwingine hajaadhibiwa kwa ajili yako."