Kikombe Hakikulia

Mwezi wa saba, upepo wa Makambako haupigi hodi. Unaingia mlangoni, unapita chini ya kitanda, unatokea dirishani. Wageni huulalamikia. Lakini Bibi Telesia wa Lyamkena aliupenda, kwa sababu ulimpepetea alizeti.

Nyumba yake iko hatua kama mia moja kutoka kwenye reli. Tuta la reli limeinuka, na pale juu upepo haukatiki. Kila mwaka, alizeti ikikauka, Telesia alibeba vichwa vyake mpaka kwenye tuta. Alishika kichwa kimoja kimoja, akakipiga juu ya chuma cha reli. Pu! Pu! Mbegu zikamwagika kwenye gunia, makapi yakapeperushwa na upepo. Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake. Sasa na yeye alimfundisha Ida, mke wa mwanawe Efraimu, ambaye alimwita Mama Peace kwa jina la mtoto wake.

"Na treni je, Mama?" Ida aliuliza mwaka wa kwanza.

"Treni naisikia kwa nyayo," Telesia alijibu. "Ikiwa bado mbali, ardhi inaniambia. Naondoka taratibu, naipisha, narudi."

Na kweli ilikuwa hivyo. Treni ya mizigo ikipita, hata nyumbani kila kitu kilitetemeka. Kikombe cha bati cha Telesia kilikaa mezani na kijiko chake ndani, na kijiko kililia: kiriri, kiriri, kiriri. Kisha honi, kisha moshi, kisha ndiyo treni yenyewe.

Mwaka huu kilikuja kitu kipya. Ilikuwa treni fupi ya mabehewa mawili tu, nyeupe, yenye madirisha makubwa. Haikuwa na moshi. Iliendeshwa kwa umeme wa betri, nayo ilikuwa katika majaribio. Watu wa Lyamkena waliipa jina siku ya pili tu. Waliiita Mchumba, kwa sababu ilikuja bila kelele na ilipendeza.

Ida si mtu wa maneno mengi. Yeye hutazama. Asubuhi moja alikuwa akipanga vyombo, Mchumba akapita nje. Ida akakitazama kile kikombe cha bati. Kijiko kilikuwa kimya.

Kesho yake akatazama tena. Kimya.

Siku ya tatu akakaa chini na vyombo mkononi. Kama kijiko hakisikii, nyayo za Mama zitasikia nini?

Jioni, wakiwa jikoni, alijaribu kusema. "Mama, mwaka huu tupige alizeti hapa uani."

"Uani hakuna upepo."

"Mchumba anapita kimya, Mama. Hata kijiko hakilii."

Telesia akacheka mpaka akashika ubavu. "Mama Peace! Nimezaliwa kabla ya reli hii. Mimi ndiye niliyeiona ikijengwa. Leo unifundishe treni?"

Ida akarudi kwenye sufuria. Mkwe habishani na mkwe. Lakini usingizi wake ulikuwa wa vipande vipande.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Telesia alikuwa tutani. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani, masikio yote ndani, kwa ajili ya baridi. Mgongo wake ulielekea kona ya reli. Pu! Pu! Ida alikuwa akija nyuma na ungo. Akainua macho, akaona kitu cheupe kikitokea kwenye kona.

"Mama! Toka!"

Upepo ukabeba sauti yake kuipeleka Njombe. Honi ikalia, nayo upepo ukaichukua. Telesia akapiga kichwa kingine. Pu!

Ida akatupa ungo. Alikimbia kama hajawahi kukimbia maishani. Akamkumbatia mkwe wake kiunoni, wakaporomoka pamoja chini ya tuta, wakaangukia kwenye majani makavu. Treni ikapita pale pale walipokuwa. Magurudumu yalikuwa yamefungwa na breki, lakini ilizidi kuteleza. Ilisimama hatua thelathini mbele.

Mlango ukafunguka. Dereva akashuka mbio, mwanamke kijana mwenye koti la kijani la kung'aa.

"Kamwene, Mama!" alisalimu kwa salamu ya kule kwao. "Mmeumia?"

"Kamwene," alisema Telesia, akitoa majani mdomoni. "Nimeumia heshima tu. Wewe nani?"

"Naitwa Bertila. Natoka Makete."

"Mkinga!" Telesia akakaa sawa. "Nilidhani Wakinga mnajua duka tu. Kumbe na treni mnaendesha?"

"Na mimi nilidhani Wabena mna kiwanja cha kupigia alizeti," alijibu Bertila. "Kumbe mnakuja kupigia barabarani kwangu."

Ida akacheka, huku machozi yakimtoka.

Bertila hakugomba. Alipiga simu kituoni kutoa taarifa na kuomba njia ilindwe, kisha akamshika Telesia mkono wakapanda hadi kwenye reli.

"Tazama, Mama. Gari la barabarani lina matairi ya mpira. Mpira unaing'ang'ania lami. Mimi nina gurudumu la chuma, na njia yangu ni chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Ndiyo maana treni haisimami haraka, hata hii nyepesi. Tena siwezi kukwepa. Sina usukani wa kupinda kushoto wala kulia. Nikikuona, nina breki na honi tu."

"Lakini umeteleza sana," alisema Ida.

"Ndiyo. Njoo uguse hapa."

Ida akagusa juu ya reli. Vidole vikatoka na mafuta. Mbegu zilizobaki juu ya chuma zilikuwa zimesagwa na gurudumu.

"Alizeti ni mafuta," alisema Bertila. Akatoa mfukoni nati moja ya chuma, akaiweka pale na kuisukuma kwa kidole. Nati ikaenda mbali. Akaiweka mahali pasafi, akaisukuma vile vile. Ikasogea kidogo tu. "Mmeona? Mmenipaka mafuta njiani, halafu mnataka nisimame."

Kisha akawaonyesha bomba dogo mbele ya gurudumu. "Humu mna mchanga. Njia ikiteleza, naumwaga chini ya gurudumu, lishike."

"Treni inabeba mchanga?" Telesia alishangaa. "Wa nini, mnajenga?"

"Wa kuokoa watu kama wewe, Mama. Leo nimeumwaga wote, na bado haukutosha. Amekuokoa mkweo."

Telesia akamtazama Ida. Lakini kiburi kina mizizi. Akasema, "Ni hiki kitenge tu masikioni. Bila kitenge ningeisikia kwa nyayo."

Bertila akataka kujibu, Ida akamtangulia. Aliongea kwa upole, macho chini.

"Dada, utarudi saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

"Basi Mama, naomba jambo moja tu. Saa nane ukae kibarazani bila kitenge, bila viatu, na kikombe chako mbele. Ugeukie ukuta. Treni ikipita, uniambie."

"Hilo tu? Jambo rahisi!"

Kabla ya saa nane Telesia alikuwa amekaa. Nyayo zake zilikuwa juu ya udongo, na kikombe kilikuwa kwenye kigoda. Jirani yao Jenifa alikuja kushuhudia, akakatazwa kusema. Wakakaa. Kuku akapita. Upepo ukavuma.

Baada ya muda Telesia akapiga miayo. "Huyo Mkinga amechelewa. Bado hajaja?"

Ida akainama karibu yake. "Ameshapita, Mama. Ametupungia mkono."

Telesia akageuka. Akaitazama reli tupu. Akakitazama kikombe. Akazitazama nyayo zake kama mtu aliyesalitiwa na rafiki wa siku nyingi. Jenifa akajiziba mdomo asicheke.

Mwishowe Telesia akasema, "Mama Peace, lete turubai."

Siku hiyo hiyo walitafuta upepo kwingine. Waliupata kwenye mwinuko nyuma ya kanisa, na mzee wa kanisa akawaruhusu. Wakatandika turubai, wakaweka alizeti, wakapiga kwa fimbo. Mbegu zilitoka safi, bila kokoto za relini. Fundi wa mashine ya kukamulia aliuliza, "Mwaka huu mmezichambua moja moja?"

Wanawake wengine waliokuwa wakipigia relini wakahamia pale. Wakati wa kuvuka reli, sasa wanapita kwenye kivuko tu, hata kama ni kuzunguka. Telesia ndiye anayewasimamia. Alipanga mawe na kuyapaka chokaa, hatua nyingi kabla ya reli, na ole wake atakayeyapita bila kusimama.

"Simama!" humfokea hata mchungaji. "Tazama kulia. Tazama kushoto. Toa kitenge masikioni! Na wewe, weka simu mfukoni. Treni haiziambii nyayo zako ratiba. Haya, vuka."

Mwezi wa tisa, wakazi waliitwa kuijaribu ile treni. Mlango ulikuwa usawa mmoja na jukwaa la kituo, na Telesia aliingia bila kuinua goti. Akakaa dirishani na Ida. Akafungua mkoba, akatoa kikombe chake cha bati chenye kijiko, akakiweka kwenye kimeza kidogo.

Treni ikaondoka. Telesia akakikazia macho. Kijiko kilikuwa kimya.

Wakakaribia kivuko cha Lyamkena. Nyuma ya mawe meupe, watu walikuwa wamesimama, Jenifa mbele yao. Hakuna aliyevuka. Bertila akapiga honi, nao wakapunga mikono.

Telesia akaegemea bega la mkwe wake.

"Wametuona," alisema.