Mpunga Kwenye Kona

Asubuhi ukungu hushuka kutoka milimani, ukalala juu ya majaruba ya mpunga ya kijiji cha Mabantad. Yangeyange husimama ndani yake kama nguo nyeupe zilizosahauliwa kambani. Kwanza unaziona taa mbili za njano. Halafu unasikia mlio. Mwisho linatokea jipi lenyewe la abiria, jekundu, na watoto wa shule wanaanza kusukumana.

Jipi hilo ni la Mzee Usting. Kwa miaka mingi aliwapeleka watoto shuleni mjini, na akina mama sokoni na mabiringanya yao. Lakini mwaka huo ukungu ulihamia machoni mwake. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Dawa yake ni kupasuliwa, na foleni ya hospitali ya mkoa haisogei kwa mtu asiyejuana na mtu. Mke wake alikuwa Hong Kong, akiosha vyombo vya watu wengine. Kwa hiyo usukani ulishikwa na binti yao, Divina.

Divina alikuwa na leseni. Aliipata kwa kuzunguka mapipa kwenye uwanja mkavu, jua likiwaka, mkaguzi akiwa kivulini anakunywa soda. Hakuna aliyemuuliza habari za mvua. Huko kwao mvua hunyesha nusu ya mwaka.

Ulikuwa wakati wa mavuno. Watu wa Mabantad, kama watu wa bonde lote, walianika mpunga wao barabarani. Nusu ya barabara ilikuwa ya magari. Nusu nyingine ilikuwa ya dhahabu. Akina mama walipita juu yake na reki zao polepole, kama wanaochana nywele za mtoto aliyelala.

Si kwamba watu hawa hawakujua hatari. Wangeanika wapi pengine? Mwaka wa kimbunga kikubwa waliahidiwa sakafu ya kuanikia mpunga. Uchaguzi uliofuata wakaahidiwa tena. Mwishowe sakafu ikajengwa, pana, nzuri, ya saruji. Utepe ukakatwa na picha zikapigwa. Ila ilijengwa nyuma ya nyumba ya mheshimiwa aliyeiahidi, ndani ya ukuta wake, na kabla saruji haijakauka vizuri, mheshimiwa aliwafunga humo majogoo wake wa kupigana. Kila jogoo na kibanda chake. Mpunga ukarudi barabarani. Wakubwa husahau haraka. Mabantad haikusahau.

Siku ya mkasa, jua lilikuwa limewaka wiki nzima. Divina alikuwa akirudi na watoto jioni. Mbele, kabla ya kona ya mfereji, matone yakaanza kuanguka. Yalikuwa makubwa na machache. Harufu ya vumbi lililolowa ikapanda, ile harufu tamu inayomfanya mtu afumbe macho. Barabara ikaanza kung'aa. Watoto waliimba nyuma, na Divina akaimba nao, wala hakupunguza mwendo. Aliwaza kwamba mvua yenyewe bado ndogo.

Kwenye kona aliuona mpunga wa Bibi Asion. Bibi alikuwa bado anavuta turubai. Divina alifunzwa tangu hajaota meno kwamba mpunga haukanyagwi. Punje ikianguka mezani unaiokota. Ukiipita unaomba radhi. Mikono yake ilikata usukani ghafla, na mguu wake ukakanyaga breki mpaka chini.

Sauti zote zikanyamaza. Jipi liliacha kuwa gari. Lilielea. Divina aliuona mfereji ukipita mbele ya kioo, halafu mlima, halafu barabara aliyotoka, kila kitu taratibu, kama mtu anayegeuzwa usingizini. Aliushika usukani, lakini usukani haukuwa umeshika chochote. Kisha ukaja mshindo, na maji ya mfereji yakaingia miguuni.

Bibi Asion alifika mbio. Aliutazama mpunga wake kwanza. Haukuguswa hata punje.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema. "Umeukwepa."

Ndipo aliposikia mtoto akilia ndani ya jipi, akaitambua sauti. Alikuwa Ikay, mjukuu wake mwenyewe. Mkono wake ulikuwa umevunjika.

*

Watoto wengine walitoka na michubuko. Ikay alifungwa plasta. Jipi lilivutwa na nyati wawili wa kulimia na trekta la kuazima, likawekwa uani, bodi imebonyea lakini injini nzima. Divina hakulikaribia. Usiku aliota anaelea. Mchana alisikia tone la bomba likianguka kwenye ndoo, na mguu wake ukakanyaga sakafu wenyewe.

Alimwambia baba yake kwamba hataendesha tena, labda kiangazi. Mzee Usting alikuwa anapapasa meza akitafuta kikombe chake.

"Sawa," alisema. "Jumatatu nitaendesha mimi."

"Baba, hapa nilipo hunioni."

"Barabara ile naijua kwa makalio. Watoto watafikaje shuleni? Watembee kandokando ya malori?"

Hakuwa anatania. Ufunguo alikuwa ameshauweka mfukoni. Divina alikitazama kile kikombe. Kilikuwa mbele ya baba yake, naye aliendelea kupapasa pembeni. Aliona jipi jekundu likiingia ukunguni na watoto ndani, na dereva aliyebeba ukungu wake mwenyewe.

Jioni ile alikuja Perlita. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyewahi kuendesha mabasi ya usiku ya masafa marefu. Sasa aliwafundisha madereva wapya wa chama cha majipi. Chama kilikuwa kimemtuma aone kilichotokea. Hakuuliza habari za nyumbani mpaka amemaliza kulizunguka jipi. Alichuchumaa akapitisha ukucha kwenye tairi ya nyuma.

"Mzee Usting," alisema, "tairi hizi zina kipara kushinda padri wetu."

Mzee alijibu kwamba zilimvusha mvua nyingi tu.

"Zilikuvusha wewe, ulizizoea. Ukampa mtoto bila kumwambia."

Perlita akamwita Divina, akamshikisha ile tairi. Alimweleza kwamba mifereji ya kwenye tairi haikuwekwa kwa urembo. Kazi yake ni kuyapitisha maji. Tairi ikiwa kipara, maji hayana pa kupita, basi hukaa kati ya tairi na barabara, na gari hupanda juu yake. Hapo usukani unageuza maji tu. Akamwambia pia kwamba mvua ya mwanzo ndiyo mbaya zaidi. Mafuta yaliyodondoka siku zote za jua, pamoja na vumbi, huchanganyika na maji yale machache, yakawa kama sabuni. Mvua ikishanyesha sana huosha kidogo. Mwanzo wake ndio unaoua.

"Sasa niambie," alisema. "Ulipouona mpunga, ulifanya nini?"

"Niliukwepa."

"Na mguu?"

"Nilikanyaga breki."

"Vyote kwa pamoja?"

"Vyote kwa pamoja, dada."

"Kwa nini hukupita juu yake?"

Divina alimtazama kama mtu aliyeambiwa ateme mate madhabahuni. "Mpunga haukanyagwi," alisema.

"Hata mimi nililelewa hivyo," alisema Perlita, na sasa hakucheka. "Mama yangu alinichapa kwa punje tatu. Lakini sikiliza. Adabu ya mpunga ni ya miguu ya watu. Gari lenye watoto lina adabu yake. Barabara ikilowa, usikate kona na breki kwa pamoja. Ukishindwa kusimama taratibu, nyoosha usukani, pita juu. Mpunga utapepetwa upya. Mkono wa Ikay utapepetwaje?"

Divina alilia. Perlita alimwacha alie. Halafu akasema kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Yule aliyempa leseni kwa kuzunguka mapipa alikuwa ndani ya jipi lile. Hata yule aliyefuga majogoo kwenye sakafu ya umma alikuwa ndani. Ila wao hawakuvunjika kitu.

"Nataka kufundishwa," alisema Divina. "Mvua ikinyesha. Kabla ya Jumatatu."

Baba yake alisikia, lakini ufunguo hakuutoa mfukoni siku hiyo. Aliutoa kesho yake, Jumamosi, mvua ilipoanza kugonga mabati, na akampa Perlita, si Divina.

*

Chama kilileta tairi zenye meno. Ilibaki mahali pa kujifunzia, pana, pa saruji, pasipo magari wala watu. Mabantad ilikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: ile sakafu ya mheshimiwa.

Mlinzi wa majogoo aliwazuia getini. Perlita alimwomba amsomee kibao kilicho ukutani, maana yeye, alisema, miwani ameisahau. Mlinzi akasoma kwa sauti, neno moja moja, kwamba sakafu hiyo ni mali ya wakulima wa Mabantad. Alipofika mwisho alifungua geti. Akaanza kusogeza vibanda pembeni.

Mvua ilishuka kama pazia. Majogoo walikaa kwenye milango ya vibanda vyao wakitazama, kama mabwana waliolipia viti vya mbele. Jipi lilizunguka katikati ya maji na mwanga, na kwa mara ya kwanza tangu mkasa Divina hakuona kama anaota. Perlita alimwambia mambo machache, akayarudia mpaka yakageuka wimbo. Punguza mwendo kabla ya kona, usisubiri uwe ndani yake. Acha nafasi mara mbili ya ile ya siku kavu. Washa taa. Bonyeza breki kama unakanyaga yai.

Kisha alimtaka ateleze makusudi, polepole. Mkia wa jipi ukakimbilia kulia. Mguu wa Divina ukataka breki.

"Mwache huyo mguu," alisema Perlita. "Toa kwenye mafuta, basi. Mkia umekwenda wapi?"

"Kulia."

"Mfuate kulia kwa usukani. Kidogo. Usimfukuze, mwite."

Divina aligeuza kidogo. Akausikia mwili wa jipi ukirudi chini yake, tairi zikiikamata saruji tena, kama mtu anayeshuka kitandani na kuikuta sakafu ipo. Walirudia mpaka meno yake yakagongana kwa baridi.

Ukutani alikuwa amesimama Bibi Asion na mwavuli, na Ikay ameshikilia nguo zake, plasta imefunikwa mfuko wa plastiki. Divina aliogopa kumtazama. Lakini bibi hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anaipima sakafu kwa macho, upande hadi upande.

Jumapili jua lilitoka. Baada ya misa, Bibi Asion alitangulia, na akina mama wakamfuata na magunia vichwani. Mlinzi alisema hana amri ya kuwaruhusu. Bibi alimwambia hata yeye hana, akamwaga gunia la kwanza. Waliutandaza mpunga ukuta hadi ukuta, wakivizunguka vibanda. Majogoo walikula. Walikula asubuhi, wakala mchana, mpaka wakashindwa kuinua miguu. Jogoo aliyeshiba hapigani. Jioni mheshimiwa alituma lori likawachukua, na hakuna aliyemsikia akieleza sababu.

Kona ya mfereji ikabaki tupu. Ilifagiliwa hata makapi.

*

Jumatatu asubuhi Mzee Usting alitoka akishika ukuta. Divina alikuwa ameshakaa kwenye usukani, na ufunguo aliopewa na Perlita.

"Sogea," alisema mzee.

"Sisogei, Baba. Panda upande ule."

Mzee alisimama kidogo, uso wake ukielekea mahali sauti ilipotoka. Kisha akazunguka, akapanda upande ule.

Watoto waliosubiri walikuwa wachache. Wengine walionekana kwa mbali wakitembea kando ya barabara na wazazi wao. Hakuna mzazi aliyemtukana Divina. Walimsalimia tu, wakaendelea kutembea, na hilo lilimuuma zaidi. Bibi Asion alimpandisha Ikay nyuma ya kiti cha dereva, akaenda zake.

Jioni mvua iliwakuta njiani. Matone makubwa, machache. Harufu ile tamu. Divina aliwasha taa na kuondoa mguu kwenye mafuta. Lori moja lilimpita likimpigia honi, dereva akitoa kichwa kumuuliza kama amebeba mayai. Divina alisema peke yake kwamba ndiyo, ni mayai.

Karibu na kona, akina mama walikuwa wakivusha mkokoteni wa magunia kutoka kwenye sakafu kuyawahisha nyumbani. Gurudumu lilizama kwenye shimo. Gunia la juu likaanguka, likapasuka, na mpunga ukamwagika barabara nzima, mbele ya jipi.

Kulia palikuwa na mfereji. Kushoto palikuwa na akina mama. Divina alikuwa ameshapunguza mwendo tangu mbali. Mikono yake ilitaka kukata. Aliituliza. Akanyoosha usukani, mguu ukiwa mwepesi, akapita juu ya mpunga. Ulilia chini ya tairi kama mtu anayetafuna karanga taratibu. Jipi halikuyumba. Mbele kidogo likasimama lenyewe, karibu bila kuguswa.

Bibi Asion alichota konzi ya punje zilizopondeka, akazitazama mvuani. Divina alifungua mdomo aombe radhi.

"Nyamaza," alisema Bibi Asion. "Hizi tutazipika uji. Wafikishe watoto."

Mzee Usting alikuwa amegeuza sikio. Aliuliza wamepita juu ya nini. Divina akamwambia. Mvua iligonga paa juu yao wote.

"Sikusikia breki," alisema mzee.

Divina aliingiza gea ya kwanza, akawapeleka watoto nyumbani. Kesho yake, ukunguni, wale waliotembea walikuwa wanasubiri jipi.