Mpangaji wa Chini ya Bafu

Fundi Justus alianza kuvuta nywele kwenye tundu la bafu saa nne asubuhi, na saa sita ilimkuta bado anavuta. Mwishowe alinawa mikono, akaenda kwenye simu ya mezani iliyoachwa humo na marehemu mama yake mwenye nyumba, akapiga Mombasa.

"Bosi, hii mtaro haijazibwa na sabuni. Ni nywele. Ndefu, zinanifika kwa kiwiko."

"Nywele? Ndefu? Za mpangaji basi," akasema Hanif.

"Aiya! Si unajua Mwalimu Kamanthe ananyoanga? Hiyo kichwa yake haina hata kidogo."

Nyumba ile ya Machakos Hanif aliirithi kwa mama yake, Bi Firdaus, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa Mombasa, aliiendesha kwa simu: bomba likipasuka anapigiwa, koki ikivuja anapigiwa. Mvua za El Nino zilikuwa zimemfanya apigiwe kila wiki.

Mkewe, Ruqaya, alikuwa chumbani akikunja nguo, na sikio lote liko sebuleni. Tuseme ukweli, mwanamke huyu alikuwa na wivu wa kupindukia. Hajapata kumwona Kamanthe hata mara moja, ila alijua ni mwanamke, anaishi peke yake, na anapiga simu. Kwake hayo yalitosha. Sasa alichosikia ni upande wa mumewe tu: "Nywele? Ndefu? Za mpangaji basi." Damu ikamchemka.

"Sikiliza," Hanif alisema. "Chemsha maji, karai zima, uyamwage hapo tunduni yayeyushe uchafu. Lakini kabla hujamwaga..."

Hapo akashusha sauti, akageukia ukuta. Alikuwa anaona haya. Mama yake, miaka thelathini katika nyumba ile, hakuwahi kumwaga maji ya moto pasipo kupiga bismillahi na kutangaza: "Tupisheni jamani, maji ya moto yanapita." Alisema chini ya bafu kuna wenyewe, wana waume zao na watoto wao, na ukiwapa taarifa hawana neno na mtu. Sasa Hanif alitaka kumwambia Justus, Mkristo wa watu, aongee na tundu la bafu, na hakujua aanzie wapi.

Ruqaya akasikia ile sauti ya chini, sauti ya taratibu ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaisikia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Waya wa simu ulipita nyuma ya kitanda. Hakufikiri mara mbili, akauchomoa.

"Haloo? Haloo, Justus?" Hanif alipiga kelele sebuleni. "Laini imekufa!"

"Pole, mume wangu," akajibu Ruqaya, akaendelea kukunja shati.

Aliurudisha waya baada ya nusu saa. Hanif akapiga, akapiga tena, lakini simu ya Machakos haikupokelewa. Jioni Justus alimpigia kutoka kibanda cha simu mjini, akasema kazi imekwisha, amemwaga karai mbili na maji yanashuka vizuri. Alitaka kuongeza jambo, akasita, akaaga. Hanif akaenda kusali, wala hakumweleza mkewe kinachomkera.

Jumanne, Hanif akiwa kazini, simu ililia. Ruqaya akapokea. Kwanza alisikia maji, maji yanayodondoka mahali penye mwangwi, halafu sauti ya mwanamke.

"Niitie Hanif."

Si Bwana Hanif, si Baba Fulani. Hanif tu.

"Wewe nani?" akauliza Ruqaya.

"Wa nyumbani."

"Nyumbani wapi? Una jina?"

"Mwambie bomba la bafuni limepasuka. Aje mwenyewe. Mafundi sitaki tena."

Simu ikakatika, na sebule ya Ruqaya, ambayo alikuwa ameifagia na kuipiga dawa ya viroboto asubuhi ile, ikanuka nywele zilizoungua. Alifungua madirisha yote. Hasira ilikuwa nyingi mno, ikamzuia kuogopa. "Wa nyumbani," alirudia peke yake. "Mpangaji huyo! Nyumba ya mama mkwe wangu!"

Jioni alimtupia mumewe ujumbe huo kwa matusi, na Hanif akaenda Machakos wikendi ile. Akaenda na iliyofuata. Bomba lilifungwa Jumamosi, likafunguka Jumatano. Koki mpya zilikutwa zimelazwa sakafuni, zimepangwa mstari, hazina hata mkwaruzo. Kila aliporudi alikuwa amekonda kidogo, na nguo zake zilikuwa na unyevu usiokauka hata zikianikwa jua la Mombasa, na chini ya unyevu kulikuwa na harufu ya udi. Ruqaya alizinusa moja moja. Alimtukana, akamlilia, akamnunia. Hanif alimtazama tu kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

"Ni mabomba, Ruqaya," alisema. "Wallahi ni mabomba tu."

Wikendi ya nne hakurudi. Jumatatu simu ililia, na Ruqaya alikuwa ameikalia karibu.

"Usimsubiri," ilisema ile sauti. "Anaoga."

Kesho yake, saa nane mchana, Ruqaya alishuka Machakos kwenye mvua, buibui limelowa hadi magotini, na maneno ya kumwambia Kamanthe ameyapanga njiani tangu Mtito Andei. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Mwanamke wa makamo, kichwa kimenyolewa, amevaa sweta ya shule, alikuwa barazani akifunga masufuria kwenye shuka.

"Malaya mkubwa!" Ruqaya akaanza. "Mume wangu yuko wapi?"

Kamanthe aliweka sufuria chini polepole. "Wewe ndiye bibi ya Hanif," alisema. "Mama, mimi niko na mwezi mzima nalala kwa dada yangu huko Kalama, tangu hiyo bafu ianze kulia usiku. Nimekuja tu kuchukua vyombo, na siingii ndani zaidi ya hapa."

"Muongo! Unanipigia simu kila siku! Jana umenipigia!"

"Na simu gani?" Kamanthe akamwonyesha kwa kidole. "Hiyo ilikufa siku ile bwana yako alikuwa anaongea na fundi. Haijawahi lia tena. Iinue usikize."

Ruqaya aliinua. Hakukuwa na mlio wowote. Alipoirudisha mahali pake, kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Justus alitokea upande wa jikoni, mkoba wa vifaa begani. Hakuwa na ile furaha ya mafundi. Alimsalimia Ruqaya kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini kwamba Hanif yuko bafuni tangu Jumamosi, amejifungia, hali chakula, hajibu, isipokuwa anaongea na mtu.

"Na mimi niliogopa kuwaambia," akanong'ona. "Ile siku nilimwaga maji ya moto, nilisikia mtu ndani ya paipu. Mwanaume. Alilia mara moja tu, halafu bibi yake akaanza kulia, na huyo bibi hakunyamaza mpaka giza ikaingia."

Ruqaya alisimama mbele ya mlango wa bafu. Maji yalikuwa yanapita chini yake, ya uvuguvugu, yakamzunguka vidole vya miguu. Ndani alimsikia mumewe akiongea kwa ile sauti ya chini, ya taratibu, sauti aliyoitaka kwa miaka yote ile, na kila Hanif aliponyamaza, kitu kilimjibu kutoka chini ya sakafu, kikicheka kidogo, kikivuta maneno, na mabomba yote ya nyumba, ya jikoni, ya darini, hadi lile la uani lililokatwa tangu zamani za Bi Firdaus, yakatetemeka ukutani kwa pamoja.

"Hanif," aliita. "Ni mimi."

Kicheko kikakoma.

Justus ndiye aliyemleta Maalim Yasser, mwenye duka la mabomba na saruji pale mjini, mtu mfupi aliyezoea kuitwa kwa kazi zote mbili, ya mabomba na ya kisomo. Maalim hakuvunja mlango. Alivua viatu, akaingiza miguu majini, akaweka kiganja kwenye ubao wa mlango na kuanza kusoma. Alisoma hadi sauti ikamkauka, akanywa funda la maji, akasoma tena, na kadiri alivyosoma ndivyo maji yalivyopanda, yakafika kwenye vifundo, yakafika kwenye mapaja ya Ruqaya, yakinuka udi na nywele zilizoungua, ilhali mlango wa mbele ulikuwa wazi na hakuna hata tone lililotoka nje kwenda barazani ambako Kamanthe alikuwa amesimama ameshika kifua, hadi mwishowe sauti ya mwanamke ikatoka, na ilitokea kwenye koo la Hanif.

"Nimechoka. Acha, nitasema."

"Sema," akajibu Maalim. "Unataka nini kwa mja huyu?"

"Mume wangu alikuwa amelala pale chini, wakamchemsha. Miaka thelathini mama wa huyu alitupisha kwa maneno yake mazuri, nasi tukamlindia nyumba. Siku ile maneno yalikuwa njiani yanakuja. Niliyasikia kwenye waya. Yakakatwa. Mimi sina mume. Nikamchukua huyu. Lakini kila akisinzia anataja jina la mwingine. Ruqaya, Ruqaya. Linaniunguza kuliko yale maji."

Ruqaya alijikuta analia. Hakuwa amejua kwamba jina lake hutajwa.

"Hukumu yako ni ipi?" akauliza Maalim.

"Kisomo chako kinaniuma, kwa hiyo nitatoka. Lakini nataka haki yangu moja. Aliyeyakata maneno aseme. Aseme mbele ya mume wake, na mbele ya mwanamke aliyemtukana. Akisema kweli, namwachia mumewe na nyumba."

"Na asiposema?"

Maji yakapanda kidole kimoja zaidi.

Maalim alimgeukia Justus, Justus akatikisa kichwa kwa hofu. "Mimi nilikuwa hapa, Maalim. Simu ilikatika tu." Kisha macho yote yakamjia Ruqaya.

Alijua la kusema. Lilikuwa neno dogo: nilichomoa waya. Alilifungulia mdomo. Na hapo, kupitia mlango wa mbele, akamwona Kamanthe, mkavu, mtulivu, anasubiri, yule yule aliyemwita malaya saa mbili zilizopita. Atanicheka, akawaza Ruqaya. Atakwenda kusimulia shule nzima kwamba mke wa Hanif alimwonea wivu yeye, akavunja nyumba kwa ajili ya simu ya fundi wa mabomba. Na Hanif atamwonea huruma. Atamwomba radhi. Atamtazama. Mbele ya mwingine yeyote angesema, hata mbele ya shetani mwenyewe, lakini si mbele ya mwanamke huyu.

"Laini ilikatika yenyewe," akasema.

"Bi Ruqaya," Maalim alimwambia taratibu, "una hakika? Mimi siwezi kukusemea."

"Nimesema. Ni mvua. Simu zote zilikuwa zinakatika."

Maji yalianza kushuka, yakazama kwenye lile tundu kwa mlio mrefu wa kumeza, na kwa muda mfupi sakafu ikawa kavu kabisa, kavu hata vumbi likaonekana. Harufu ikaondoka. Kamanthe akasema, "Asante Mungu." Justus akajifuta jasho, akacheka kicheko cha mtu aliyeponea. Ruqaya naye akashusha pumzi, akajiambia kwamba jini ni jini tu, hudanganyika kama watu wengine. Maalim Yasser peke yake hakuinua kichwa.

Komeo likafunguliwa kutoka ndani.

Hanif alitoka amevaa kikoi safi, nywele zimechanwa na kupakwa mafuta, uso umejaa, kama hajapata kuugua. Alimpa Maalim mkono na kumwita kwa jina. Alimwambia Justus alete koki mpya ya jikoni Jumatatu. Alitoka hadi barazani, akamwomba Mwalimu Kamanthe radhi kwa usumbufu wote na kumwambia asiwe na haraka na vyombo vyake.

Ndipo akamwona Ruqaya. Alimtazama usoni kwa adabu, kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyebisha hodi.

"Karibu, dada. Umelowa sana, pole kwa mvua," alisema. "Kama umekuja kuulizia nyumba, samahani, haipangishwi tena."

"Hanif," alisema Ruqaya. "Hanif, mimi ni mkeo. Mimi ndiye niliyekata! Nilichomoa waya, nakiri, nilichomoa mimi!"

Hanif alitabasamu kwa haya, akatupa jicho nyuma, kwenye mlango wa bafu uliobaki wazi kidogo.

"Usiseme hivyo kwa sauti, dada yangu," akamwambia. "Mke wangu ana wivu."