Askari wa Risasi wa Korogwe

"Ng'ombe wa Misima amevuka mto," sauti ya Abdi, mtoa habari wake, ilikwaruza kwenye simu ya stesheni.

"Acha mafumbo, Abdi. Sema."

"Mzungu. Anajiita fundi saa wa Uswisi. Ana sanduku la askari wadogo wa risasi, wa kuchezea watoto. Baadhi yao wana viwashio vya baruti tumboni. Anataka daraja la reli."

"Lini?"

"Treni ya wapagazi. Leo."

Mwantumu Mdoe akakata simu.

Mwaka 1916. Waingereza walikuwa wameitwaa Korogwe. Wadachi walikuwa wamekimbia kusini, na waliobaki nyuma walijifanya watu wa amani. Mwantumu, mjasusi wa Kizigua aliyetumwa na Waingereza, aliwadharau wote kwa kipimo kimoja. Wote waliwaswaga vijana wa vijiji vya Mpale na Dindira kubeba mizigo kama punda.

Leo vijana hao wangepita darajani.

Alimkuta Kapteni Pelham, mkuu wa Waingereza hapo, barazani kwake, akinywa chai na adui. Askari wa risasi walikuwa wamepangwa mezani safu kwa safu. Kapteni alikuwa akiiga mlio wa mzinga kwa mdomo.

Mtu mzima. Mwenye nishani.

"Mkamate," Mwantumu alimnong'oneza.

"Bwana Fassbender? Huyu rafiki yetu. Lete ushahidi."

Wanaume wakainuka kwenda kutazama farasi wa kapteni. Mwantumu akawazoa askari kwenye pindo la kanga, akaingia jikoni kwa mpishi.

"Shikamoo, mama Dorkasi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio?"

"Nataka spiriti ya taa. Na maji ya soda kali, yale ya kutengenezea sabuni. Yaliyopoa. Ukiyapasha moto tutapaa na paa."

Dorkasi akasogeza bakuli bila kuuliza tena, kisha akasimama nyuma ya mlango.

Askari wote walifanana. Vanishi ya kahawia iliwafunika kama masizi, na kumkata yeyote kwa kubahatisha kungemgharimu vidole. Mwantumu aliwafuta kwa spiriti. Vanishi ikatoka. Akawatumbukiza kwenye soda, akaanza kuwasugua kwa brashi.

Rangi ya zamani ilikuwa kaidi. Ilivimba, ikapasuka kidogo, ikang'ang'ania kwenye mikunjo ya makoti.

Mmoja wao, mpiga ngoma, akabanduka rangi yote mara moja, kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Rangi mpya!

Akamgeuza. Kiunoni mlizunguka mstari mwembamba wa kulehemu, unang'aa. Mpiga tarumbeta naye hivyo hivyo.

"Uvivu," alisema kwa dharau. "Hata kuisubiri rangi ikauke vizuri ameshindwa."

Akatoka na bakuli mkononi.

Fassbender alikuwa amekwisha kurudi barazani. Aliona meza tupu. Aliona mpiga ngoma akiwa uchi, wa kijivu, kwenye kiganja cha mwanamke.

"Ameharibu vitu vya mgeni!" kapteni alifoka.

Mkono wa Fassbender ukaruka kwenye bastola yake ya Mauser.

Mwantumu akammwagia soda usoni.

Bastola ilianguka. Mwanamume akaanguka nayo, akilia. Kapteni aliangusha kikombe chake.

Mwantumu akachukua koleo kwenye kisanduku cha zana za saa cha mgeni. Akamfumbatisha Fassbender yule mpiga ngoma, akaubana mkono wake kwa koleo. Kiwashio kikibanwa sana, kingelipukia kiganjani.

"Baruti iko wapi?"

"Mimi ni fundi—"

Akakaza kidogo.

"Nguzo ya pili! Chini ya nguzo ya pili! Kuna mtu anasubiri kiwashio kingine... anacho kimoja tayari!"

Mbali, treni ikapiga honi.

Kapteni alisimama ameduwaa, mdomo wazi.

"Simu, kapteni. Ile hapo. Unaizungusha."

Akaizungusha.

"Daraja! Nguzo ya pili! Mkamateni yeyote aliye chini!"

Walinzi wa daraja wakaitika upande wa pili wa simu. Kisha milio miwili ya bunduki.

"Tumempata, bwana. Waya umekatwa. Treni imesimama."

Kapteni akajifuta jasho. Alinyoosha koti, akarudisha ile sura yake ya nishani.

"Nitaandika kwamba nilimshuku tangu mwanzo," alisema.

"Andika," Mwantumu alisema. "Na mwoshe macho kwa maji mengi. Akipofuka, nani atakupangia askari wako?"

Dorkasi alicheka mlangoni, hakujificha.

Mwantumu alishuka kuelekea relini. Vijana walikuwa wakiruka kutoka kwenye mabehewa, wanajinyoosha, wanalalamika njaa.

"Dada, kuna nini mbele?" mmoja aliuliza.

"Daraja linatengenezwa. Kapikeni mle kwanza."

Akajitanda kanga, akashika njia ya Handeni, kurudi kwao.

Hakugeuka.