Kifungo cha Koti la Daktari

Duka la fundi cherehani lilijaa wateja siku hiyo. Daktari wa meno alikuja kushonewa kifungo cha koti. Fundi, binti aliyekaliwa vizuri na gauni la zambarau, alishona, kisha akainama kukata uzi kwa meno kama alivyozoea. Ka! Jino la mbele, lililowahi kutibiwa mzizi, likakatika usawa wa ufizi.

Alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Usilie, dada. Mimi ni daktari wa meno."

"Kumbe mkosi wangu umekuja na daktari wake!"

Alicheka huku machozi yanamtoka, na daktari kwisha habari yake.

Kesho yake, fundi akiwa kitini, daktari aliona ukweli. Kijiti kinachotiwa ndani ya mzizi, kikajengewa kisiki cha jino na kuvikwa kofia ya jino bandia, hushika pale tu jino linapobaki kidogo juu ya ufizi. Hapa halikubaki. Kila tonge lingeusukuma mzizi upasuke. Lilikuwa jino la kung'oa.

"Litapona?"

"Litatuzika sote wawili," alijibu, akalijenga.

Mapenzi yakanoga. Simu asubuhi, simu mchana.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula, baba, tena kwa upande mmoja kama ulivyoniamuru. Na wewe kifungo kipo?"

"Kipo. Nakishika nikikukumbuka."

"Basi ndiyo maana hakikai!"

Alipomwomba wafunge ndoa, fundi alikubali kabla hajamaliza kusema.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku moja fundi alipiga simu, sauti nzito. "Ufizi umevimba, mpenzi. Jino linacheza." Daktari alipolitazama, mzizi ulikuwa umepasuka juu hadi chini.

"Ulijua halitapona?"

"Nilijua. Ulikuwa unalia, nikashindwa kukwambia."

"Ningekupenda hata na pengo. Sasa kila utakaloniambia nitajiuliza, ni kweli au ananibembeleza tu?" Akafumba macho. "Ng'oa."

Daktari aling'oa. Akamwekea pamba, akamwambia aiume, asiseme.

"Utarudi, mpenzi?"

Fundi aliuma pamba. Alichukua mkoba, akafika mlangoni, akageuka. Kifungo cha koti kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, na fundi huyu hakuwahi kuvumilia kifungo kilicholegea. Alikitazama kwa muda. Kisha akatoka bila kukigusa.